Kwa Kalamu ya Risasi: Siku Saba Katika Visiwa vya Amu

Siku ya kwanza, Jumamosi

Nimefika Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Amu, yaani Lamu, saa tisa alasiri, miguu imevimba, mkoba umejaa makombo ya viazi karai. Njia ya Garsen mpaka hapa, ambayo tulizoea kuilaani kwa vumbi na mashimo, siku hizi ni lami. Kilichobaki kama zamani ni vizuizi vya askari: shuka, onyesha kitambulisho, panda tena. Hayo yanatosha kuhusu basi.

Mheshimiwa alikuwa ananingoja jetini. Buibui amelipandisha kidogo lisiguse maji, na kwapani amebana bomba la plastiki, lile la inchi nne la mafundi wa mabomba. Ni mwakilishi wadi wa kuteuliwa katika bunge la kaunti. Wiki mbili nyuma alinipigia simu kwamba anataka mtu anayeandika haraka, anayejua kukaa na watu, na asiyeogopa bahari. Mawili ya mwanzo ninayo.

"Lakini jina langu lisiwemo, mdogo wangu," aliniambia kabla hata hatujapanda boti. "Andika ya bahari. Ukinitaja watasema ni kampeni."

Nikamjibu kuwa mwanasiasa asiyetaka kutajwa ananitisha zaidi ya mawimbi. Akacheka, akanisukuma botini.

Usiku, baada ya isha, ndipo nilipojua kilichomo ndani ya bomba. Ni ramani. Aliichapisha Mombasa, pana kama mkeka wa watu wawili. Tuliitandika sakafuni tukaikandamiza pembe kwa mbuzi ya kukunia nazi, kopo la maziwa na viatu vyangu. Ni ramani ya bandari ya Lamu kama ilivyopangwa: gati 32 kando ya ghuba ya Manda, barabara, reli, bomba la mafuta la kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Mradi huu, LAPSSET, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, marais Kibaki wa Kenya na Kiir wa Sudan Kusini wakiwa hapa pamoja na Meles Zenawi, waziri mkuu wa Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mpaka leo zimejengwa tatu.

"Sasa tazama baharini," akasema.

Nikatazama. Bara limejaa maandishi, kila kipande kina nambari. Bahari ni buluu tupu. Hakuna neno.

Nia yake ni hii. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba bandari ilijengwa bila kuwashirikisha wenyeji inavyopasa, na kwamba haki yao ya mazingira safi ilivunjwa. Wavuvi zaidi ya 4,600 wakaamuliwa kulipwa shilingi bilioni 1.76. Baadaye yakafanywa makubaliano nje ya mahakama: asilimia 35 taslimu, asilimia 65 kwa vifaa na miradi. Ulikuwa ushindi, na watu walishangilia. Lakini hesabu ya nani alikuwa mvuvi na alikuwa akivua wapi iliwatoa jasho, maana hakuna mvuvi mwenye hatimiliki ya maji.

"Gati 29 bado," Mheshimiwa alisema. "Zikianza kuchimbwa, tutaulizwa tena yale yale. Mara hii nataka jibu liwe limetangulia."

Kwa hiyo tunazunguka na ramani kijiji kwa kijiji, wavuvi waandike wenyewe majina ya mahali pao. Kisha itaambatanishwa na ombi rasmi, kwamba maeneo ya uvuvi yatambuliwe kabla ya kuchimba zaidi. Nikamuuliza kwa nini ameleta kalamu za risasi badala ya wino. Akasema watu wakikosea wafute. Niliona ni jibu la mwalimu wa darasa la pili, na kweli, ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya siasa.

Siku ya pili, Jumapili

Matondoni. Hapa watu wanaunda vyombo, na ukikaribia unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Chini ya banda la makuti fundi alikuwa anakalafati mashua, anasukuma pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hakusimama kutusalimia. Alitikisa kichwa tu, akaendelea.

Wakata mikoko ndio waliokuja kwa wingi, kuliko wavuvi. Mheshimiwa hakuwatarajia. Ramani ilikuwa ya wavuvi, yeye mwenyewe alisema hivyo, lakini hawa nao walitaka kuonyesha hori zao, vijito vya bahari ndani ya mikoko, na mikono ya bahari wanakoingilia. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na kwa karne nyingi ilikuwa ikisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni, kujenga dari za watu ambao hawakuwahi kuona mkoko ukiwa umesimama. Walinifundisha majina ya nguzo kwa unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, kisha pau, kisha boriti, na zile nene zaidi zina majina yao. Huhesabiwa kwa korija, nguzo ishirini ishirini. Niliuliza kwa nini ishirini. Wakanitazama kama nimeuliza kwa nini wiki ina siku saba.

Machungu yao ni ya mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchi nzima na mikoko ikaingia humo humo. Mzee mmoja, mwembamba, mikono imekatwakatwa na magome, alisema: "Sisi tulipokata tuliambiwa twaharibu. Ile ya bandari ilipokatwa tuliambiwa ni maendeleo. Mkoko ni ule ule."

Watu wakagonga mabenchi. Mheshimiwa akaandika. Mimi nikakumbuka kitu alichoniambia kijana wa pembeni dakika kumi tu nyuma, kwamba siku hizi ukitaka boriti nzuri inabidi uingie mbali sana, maana hori za karibu zimebaki fito. Haikuwa bandari iliyomaliza boriti za karibu. Nilimnong'oneza Mheshimiwa. Akasema anajua, na kwamba kuna mambo ya kusemwa mbele ya watu na mengine ya kusemwa na watu wenyewe wakiwa tayari. Sikuridhika, nimeliandika hapa.

Jioni ramani ilikuwa na majina tisa, yote ya hori, hakuna hata moja la mwamba.

Siku ya tatu, Jumatatu

Tumeondoka Amu mara baada ya sala ya alfajiri, maji yamejaa. Boti la faiba, watu kumi na wanne, magunia ya unga, godoro moja, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hakuacha kulalamika mpaka Mtangawanda, kisiwani Pate. Tulipita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, kisha ghuba ikafunguka na pale upande wa kushoto ikawa bandari.

Nimeiona kwenye picha mara nyingi, lakini picha haikupi ukubwa wake. Ni ukuta wa saruji ulionyooka mahali ambapo kila kitu kingine kimepinda. Nyuma yake kuna uwanja mpana mweupe, na milingoti ya taa mirefu mno. Asubuhi hiyo hakukuwa na meli hata moja gatini. Mlango wa meli umechimbwa hadi mita 17.5, nahodha alisema, na akaongeza kwamba baba yake angeambiwa kuna kina hicho hapo angecheka.

Uchimbaji wa namna hii unavyoumiza ni rahisi kueleza. Mchanga na tope huvutwa kutoka chini, na lile jepesi halitui mahali pake, huelea na kwenda na mkondo. Linapotua hufunika matumbawe na nyasi za bahari. Tumbawe linahitaji mwanga, nyasi nazo zinahitaji mwanga, na samaki aitwaye tasi anakula kwenye nyasi. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la unga alinieleza hayo yote kwa sentensi moja, kwa Kiamu chake: "Mayi yalikuwa meupe, ukitupa shilingi waiona tini."

Nikamuuliza na sasa je.

"Sasa huitupi, maana huna."

Boti zima likacheka, hata Mheshimiwa. Yule mzee hakucheka.

Mtangawanda tulipanda pikipiki mbili mpaka Faza, bomba la ramani likiwa mgongoni mwangu kama bunduki. Tulikosa kikao cha Faza. Kulikuwa na maziko, mji mzima uko makaburini, na hakuna mwenye akili anayesimamisha maziko kwa ajili ya ramani. Tukaenda kuzika na sisi, yaani Mheshimiwa akakaa na wafiwa ndani na mimi nikaosha vyombo. Jioni tukaendelea hadi Kizingitini.

Siku ya nne, Jumanne

Siku hii nitaiandika kwa kirefu.

Kizingitini ni mji wa Wabajuni, uko ncha ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pate, na ni mji wa kamba mawe. Kamba hawa huuzwa wakiwa hai, huishia kwenye sahani za mahoteli ya mbali. Asubuhi niliwaona wapiga mbizi wakijitayarisha: miwani ya maji, viatu vya mpira vya miguu ya bata, na ndani ya ndoo, pweza mdogo aliye hai. Nilidhani ni kitoweo. Kumbe ndiye chombo cha kazi. Pweza hufungwa kwenye kijiti, mpiga mbizi huzama naye na kumwingiza pangoni. Kamba anapomwona adui yake wa siku zote hutoka mbio, na nje anakuta mkono wa mtu. Kijana aliyenionyesha alizungusha kile kijiti hewani mara mbili, taratibu, ili nielewe kwamba pweza lazima aonekane yu hai. "Kamba si mjinga," alisema.

Sasa fikiria kazi hiyo kwenye maji ya tope. Mpiga mbizi haoni pango, na kamba haoni pweza. Wengine wanasema siku tope linapokuja hawashuki kabisa, na siku hizo zamani hazikuwako isipokuwa wakati wa mvua kubwa au kusi ikichachamaa.

Kikao kilianza saa tatu, barazani mbele ya msikiti. Wanaume kama thelathini. Ramani ikatandikwa, mawe manne pembeni. Mheshimiwa akaeleza, vizuri, kwa ufupi, akataja ibara ya 42 ya Katiba inayompa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 69 inayoitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza. Akaweka kalamu za risasi juu ya ramani.

Hakuna aliyezigusa.

Kimya kile nilikifahamu vibaya. Nilidhani ni kwa sababu yeye ni mwanamke, au ni wa kuteuliwa, au kwa sababu wameshaona wanasiasa wengi na karatasi nyingi. Huenda kulikuwa na kidogo cha kila kimoja. Lakini mzee mmoja wa malema, ile mitego ya samaki ya kusukwa, kofia yake imekuwa ya manjano kwa jua, alijivuta mpaka ukingo wa ramani akasema kwa upole kabisa:

"Binti yangu, hapa tuko thelathini. Mwamba wangu hata mwanangu wa kwanza sijamwonyesha. Wataka niuandike mbele ya hawa?"

Na hao thelathini wakaanza kutazama miguu yao kwa tabasamu, maana kila mmoja alikuwa na wake.

Mwamba mzuri ni siri. Haupatikani kwa chombo chochote ila kwa kupiga alama: unalinganisha mnara wa msikiti na mnazi fulani upande huu, na upande wa pili ncha ya kisiwa na kitu kingine. Ukizipata zote mbili uko juu ya mwamba wako. Ukipata moja, uko baharini tu. Alama hizo mtu hurithishwa na baba yake akiwa kitandani, wakati mwingine usiku wa mwisho. Na sisi tumekuja na kalamu.

Mheshimiwa alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mwanasiasa akinyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Akakunja ramani, akaomba chumba. Mwenye nyumba ya jirani akatoa sebule. Ramani ikatandikwa humo, mlango ukarudishwa, na wazee wakaingia mmoja mmoja. Mimi na yeye tukatoka nje tukakaa ngazini, migongo kwa mlango. Masharti waliyatoa wao: kila mtu aandike kwa kalamu ya risasi, hafifu, jina lolote analotaka, na duara, si nukta. Duara kubwa. Mwamba uko ndani yake lakini haujulikani ni wapi.

Wakati wazee wanaingia na kutoka kama watu wanaokwenda kupiga kura, wanawake walitupitia wakielekea mwambani. Maji yalikuwa yanatoka, ilikaribia saa tano, na ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali kuliko kawaida. Nikawafuata na ndoo. Wanavua pweza kwa miguu, kwa vijiti vyenye ncha ya chuma, wanainama kila penye tundu. Kuna sehemu walizipita bila kuinama. Nikauliza. Mama mmoja akasema hapo pamefungwa: kwa makubaliano yao wenyewe kipande cha mwamba huachwa miezi kadhaa bila kuguswa mpaka pweza wakue, kisha hufunguliwa siku moja na wote huingia pamoja.

"Na anayeiba usiku?" nikauliza.

"Huyo twamjua kwa harufu ya jikoni mwake."

Nilijaribu kijiti mara tatu. Mara ya tatu nilitoboa kiatu changu.

Niliporudi, yule mzee wa malema alikuwa wa mwisho kuingia. Alikaa humo hata tukadhani kalala. Alipotoka alimwambia Mheshimiwa kuwa ameandika, na kwamba vijana siku hizi wanapiga alama kwa milingoti ya taa za bandari, kwa kuwa inaonekana mbali na usiku inawaka. Aliposema hivyo hakuwa na hasira. Nadhani kilimchosha kidogo tu.

Tuliingia kutazama. Buluu ilikuwa imejaa madoadoa ya kijivu, majina arobaini na mawili. Mengine ni majina ya watu, nadhani ya baba zao. Mengine ni ya utani. Nayaacha hapo hapo kwenye ramani.

Siku ya tano, Jumatano

Tumekwama.

Nahodha alisema twende Siyu kwa boti badala ya pikipiki, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa na magunia mawili ya vitabu vya shule ya huko. Mkono wa bahari unaoingia Siyu ni mwembamba na una kina kidogo, unapitika maji yakiwa juu. Tulichelewa kwa kahawa. Saa nne asubuhi, tukiona mji kwa mbali, boti likagusa tope, likajikwamua, likagusa tena, likatulia kabisa. Nahodha akazima mashine akasema, "Mpaka alasiri." Basi.

Si kila kitu ni bandari, hili nataka liwe wazi. Kuna mtu botini alianza kusema kwamba mkono huu umejaa tope kwa sababu ya uchimbaji, na nahodha akamkatiza: babu yake pia alikwama hapa hapa.

Kwa muda wa hizo saa sita za kungoja nilijifunza mikoko. Nahodha aliinyooshea kidole kutoka majini kwenda juu: mlilana ndio uliotangulia mbele, miguu baharini, kisha mkoko wenyewe na mizizi yake kama miguu ya buibui, mkandaa nyuma, na mchu kwenye chumvi kali ambako mwingine hauwezi. Kaa wekundu walitoka mashimoni wakatutazama, tukasogea, wakaingia, tukatulia, wakatoka. Katikati ya mizizi palikuwa na chupa za plastiki nyingi na ndala moja ya mtoto. Mheshimiwa alishuka kuichukua ile ndala akazama mpaka magotini, akapoteza yake. Tulimvuta watu watatu.

Alipokuwa anajisafisha tope kwa maji ya chupa, alizungumza. Alisema kinachomtisha si ofisi za Nairobi. Ni vijana. Wadi nzima ina vijana waliosoma wakitegemea kazi za bandari, na wanapomwona na ramani yake wanamuuliza kama anataka warudi kwenye malema. "Na sina jibu zuri," alisema. "Nawaambia nataka vyote viwili, na najua linavyosikika." Hii ni nafasi ya kuteuliwa, chama kinaweza kumtoa kesho. Akitaka kurudi itabidi agombee, na hao vijana ndio wengi kwenye daftari la kura.

Tuliingia Siyu saa kumi jioni. Vitabu vilikuwa vikavu. Majina sita.

Siku ya sita, Alhamisi

Tumerudi Amu na maji ya asubuhi, tukipita upande wa Kwasasi. Nilitaka kuona. Hakuna cha kuona, ndiyo maana nilitaka.

Hapo ndipo palipokuwa pajengwe kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, chenye dohani la mita 210, na mji wa kale wa Amu, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, uko ng'ambo ya maji. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli, mwanzoni kutoka Afrika Kusini. Watu wa hapa walipinga kwa miaka: vikao, maandamano, mabango kwenye punda. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaikataa. Ufuo ni ule ule, vichaka na ndege weupe. Nahodha alipunguza mwendo bila kuombwa.

Kijana mmoja nyuma yangu akasema hapo angekuwa fundi umeme sasa. Alisoma fani hiyo. Hakuna aliyembishia.

Jioni Mheshimiwa aliniomba nisome ombi kwa sauti, kurasa nne. Niliandika "jamii za pwani zilizoathirika". Akasema futa, andika "wavuvi na wakata mikoko wa Matondoni, Kizingitini na Siyu". Niliandika "rasilimali za baharini". Akasema andika tasi, kamba, pweza, kaa. Na kabla sijamaliza, akaongeza ya wakata mikoko kwa mkono wake: kwamba wao wenyewe wanakiri hori za karibu zimekatwa mno na wanaomba msaada wa kuzipanda upya. Yule kijana wa Matondoni, kumbe, alimpigia simu.

Siku ya saba, Ijumaa

Ijumaa, na kila mtu anajua kazi za Ijumaa zinaisha kabla ya adhana.

Ofisi moja tuliyotakiwa kuwasilisha kwayo ilitaka nakala tatu za kila kitu, ramani ikiwemo. Kwenye kibanda cha kutoa nakala mashine inachukua karatasi ndogo tu. Tukaikunja ramani vipande vipande, kijana wa kibanda akainakili kipande baada ya kipande, kurasa kumi na mbili, tukaziunganisha kwa gundi. Kazi nzuri. Mheshimiwa akainyanyua dhidi ya mwanga wa mlangoni.

Gati zilitoka, nyeusi, na nambari zake. Barabara zilitoka. Bahari ilitoka nyeupe. Risasi ilikuwa hafifu mno, kama walivyotaka wenyewe, na mashine haikuona hata duara moja.

Saa ilikuwa nne na nusu. Nikasema tuipitishie wino. Akasema si yake kuipitishia wino. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya kibanda akaanza kupiga simu. Matondoni wakakubali mara moja. Siyu wakakubali. Kizingitini walikuwa wametoka baharini, simu ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mzee akiulizwa peke yake, na kila anapokubali Mheshimiwa alininyooshea kidole na mimi ndani nikapitisha kalamu ya wino mweusi juu ya duara lake. Wengi walikubali. Mmoja alitaka duara liongezwe ukubwa kwanza. Mwingine aliuliza kama wino huo hufutika, nikamwambia haufutiki, akafikiri, akasema haya.

Saa tano na robo akaja kwenye simu yule mzee wa malema. Mheshimiwa alimweleza yote, mashine, ukurasa mweupe, ofisi inayofungwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Andika ya wenzangu," akasema. "Ule wangu uwate."

Tukatoa nakala upya. Majina yote yalitoka vizuri, meusi, yamejazana mpaka mlango wa bandari. Karani wa mapokezi alizigonga mhuri bila kuzifunua. Ramani yenyewe imebaki kwa Mheshimiwa, ndani ya bomba lake. Ukiinama karibu sana, upande wa mashariki wa Kizingitini, bado linaonekana duara moja la kijivu.